Kahawa ya Shamba la Shule: Ladha Hutoka Wapi?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa chama chetu katika ukumbi wa chakula wa shule. Inachapishwa hapa kwa ombi la wanachama.)



Katibu aliponiandikia alisema nizungumze kwa nusu saa juu ya jambo lo lote lenye manufaa. Mimi nimekuwa mwonjaji wa kahawa kwa muda mrefu kuliko nilivyopata kuwa kitu kingine cho chote, kwa hiyo jambo jingine sina. Lakini sikuja kuwafundisha kunywa kahawa. Nimekuja kwa sababu ya ajenda ya sita, ile inayosema kwamba shamba la kahawa la shule ling'olewe lote na mahali pake pandwe maparachichi. Ajenda hiyo itajadiliwa alasiri. Naomba kabla ya hapo mnisikilize.

Wale tulioingia hapa kidato cha kwanza mwaka 1974 tunalikumbuka shamba hilo vizuri, na migongo yetu inalikumbuka zaidi. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea aliyoitoa Mwalimu Nyerere mwaka 1967 ilitaka kila shule iwe na shamba, na la kwetu lilikuwa la kahawa. Tulilipalilia, tulilipogoa, tulibeba samadi kwa karai. Na mwenye makosa alipewa mistari miwili ya ziada.

Mimi mistari yangu ya kwanza niliipata kwa sababu ya ulanzi, ingawa ulanzi wenyewe sikuuonja. Mtakumbuka kwamba mabweni yetu yalichanganya watoto wa pembe zote za Nyanda za Juu: Rungwe, Mbozi, Ileje, Makete, Mufindi, Kilolo, Njombe. Wakati ule Njombe ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa, na Mbozi ndani ya Mbeya. Njombe imekuwa mkoa tangu 2012, na Mbozi imo katika Mkoa wa Songwe tangu 2016. Basi usiku mmoja wa masika wenzetu wawili wa Iringa walianza kubishana ulanzi wa wapi ni bora. Wote wawili walijua kazi yenyewe: mianzi michanga hukatwa ncha wakati wa mvua, mbeta ikafungwa hapo, na kila asubuhi na jioni kidonda kikachongwa upya ili utomvu utiririke. Wote wawili walijua kwamba unaonywewa asubuhi ni mtogwa, mtamu kama maji ya sukari, na uliolala ni mkangafu unaoangusha wazee. Lakini mmoja alishikilia kwamba wa bondeni kwao ni mwingi na mwepesi, wa kunywa siku nzima. Mwenzake akasema huo ni maji. Ulanzi wa kweli ni wa kilimani kwao, mchache, lakini unashika ulimi. Mwalimu wa zamu alipita dirishani, akasikia neno ulanzi, akaamini umo bwenini. Tulipekuliwa mpaka chini ya magodoro. Hakikupatikana kitu, na asubuhi bweni zima tulikuwa kwenye kahawa.

Nimekisimulia kisa hicho kwa kuwa swali la vijana wale lilikuwa swali la haki. Mmea mmoja, kazi moja, lakini mahali pawili hutoa vinywaji viwili. Kwa nini? Baadaye maishani swali hilo ndilo lililonipa ugali.

Ndugu zangu, swali hili wenzetu wa nchi za mbali wameliuliza zaidi juu ya mvinyo. Iko zabibu moja nyeupe iitwayo Chardonnay, ambayo asili yake ni Burgundy, Ufaransa, na siku hizi hulimwa karibu kila nchi yenye mashamba ya mizabibu. Wataalamu wanaipenda kwa kufundishia, maana yenyewe haina harufu kali ya kwake. Hupokea kwa urahisi tabia ya mahali na ya mkono wa mtengenezaji. Ilimwe Chablis, kaskazini mwa Burgundy, ambako ni baridi na umande wa barafu huweza kuunguza machipukizi, zabibu itaiva polepole na mvinyo wake utakuwa na uchachu mkali, kama limau na tofaa bichi. Ipelekwe kwenye bonde lenye joto la California, itaiva upesi na kwa sukari nyingi, na mvinyo utanukia nanasi na embe. Kisha huja mtengenezaji, na akiuweka katika mapipa mapya ya mwaloni, utanukia vanila, harufu ambayo haikutoka shambani kabisa.

Na hapa kwetu tunayo Dodoma. Huko zabibu nyeupe inayojulikana zaidi ni Chenin Blanc, siyo Chardonnay, lakini somo ni lile lile. Dodoma haina majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima huulazimisha kwa kupogoa, na huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mfaransa hawezi. Ndiyo kusema, mahali huamua ladha, na huamua hata kalenda ya mkulima.

Lakini mahali ni kitu kimoja na sifa ya mahali ni kitu kingine. Tarehe 24 Mei 1976, wakati sisi tuko kidato cha tatu hapa, mfanyabiashara Mwingereza aitwaye Steven Spurrier aliwaita waonjaji mashuhuri wa Kifaransa mjini Paris. Aliwawekea Chardonnay za Burgundy pamoja na za California, chupa zimefichwa majina. Wafaransa wale walionja, wakatoa alama, na wa kwanza kwa mvinyo mweupe ukawa Chateau Montelena wa mwaka 1973, kutoka California. Waonjaji hawa hawakuwa wajinga. Ulimi wao ulisema kweli. Jina tu ndilo lililozoea kuwasemea. Naomba mkiweke kisa hiki akilini, maana nitakirudia.

Sasa tuje kwenye kahawa. Kahawa ya Arabika asili yake ni milima ya Ethiopia, chini ya miti mikubwa, mahali pa ubaridi. Ndiyo maana kwetu hustawi milimani: Kilimanjaro, ambako mapadre wa Kilema waliipanda mwaka 1898, Arusha, Mbinga, Rungwe, Mbozi. Kagera wana Robusta, ambayo huvumilia joto la chini na ina ladha nzito na chungu zaidi. Mimi nazungumzia Arabika.

Jambo la kwanza ni ubaridi. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa kama nusu nyuzi au zaidi kidogo. Tunda la kahawa huchukua miezi saba hadi tisa tangu ua mpaka kuiva. Mahali pa joto huharakishwa; mahali pa baridi hukawia, na katika kukawia huko punje hujaa, huwa ngumu na nzito, na hubaki na uchachu mzuri. Nikisema uchachu sina maana ya maziwa yaliyoharibika. Namaanisha ule ukali wa tunda, kama pichi la Njombe ambalo limeiva upande mmoja. Kahawa isiyo nao huwa bapa kinywani, kama uji usiotiwa kitu.

Jambo la pili ni maji. Chukueni Tukuyu na Mbozi, ambazo ni jirani na kwa kimo hazipishani sana. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu juu yake. Mbozi hupata kama nusu ya hiyo, kisha huwa na kiangazi kirefu kinachoanza Mei. Kwa hiyo Mbozi mbuni hupata kiu, halafu mvua za kwanza zikinyesha unachanua kwa pamoja, matunda yanaiva kwa kukaribiana, na yakichumwa jua lipo la kuyaanika. Tukuyu mbuni huchanua kidogo kidogo, mchumaji hurudi mti ule ule mara nyingi, na kahawa iliyo kwenye vichanja hunyeshewa. Huu si ubaya wa Tukuyu. Ni kazi zaidi.

Jambo la tatu ni udongo. Hapa watu husema mengi yasiyo na msingi. Huko Chablis udongo ni wa chokaa yenye maganda madogo ya chaza wa kale, na wapo wanaoapa kwamba wanayaonja maganda hayo kwenye mvinyo. Mizizi hainyonyi ladha ya mawe. Udongo hufanya kazi kwa njia nyingine: unashika maji kiasi gani, unayaachia upesi au polepole, una chakula gani cha mmea. Udongo wa volkano wa Rungwe ni mwepesi na una rutuba. Ule mwekundu wa Mbozi una tabia nyingine. Mzee wa Mbozi aliyeniambia kwamba kahawa yao ni kali kwa sababu ya kimondo, nilimheshimu kwa umri wake, lakini sikumwandikia alama.

Jirani zetu wa Mufindi na wa Rungwe wenye chai watanithibitishia. Chai hupandwa kwa vipando, maana yake mche mmoja huweza kuzaa maelfu yanayofanana kama pacha. Pacha hao ukiwapanda mahali pawili, chai yao haitakuwa sawa. Na hata katika shamba moja, wakati wa mvua majani mawili na chipukizi huwa tayari baada ya wiki moja au siku kumi, na chai huwa nyingi. Baridi ya Juni na Julai ikishika, mmea hukua kwa shida, kapu halijai, lakini harufu ya chai hiyo ni bora. Kinachokua polepole hukusanya.

Jambo la nne, na la mwisho, ni mkono wa mtu. Mahali hutoa ladha, lakini mkono wa mtu huweza kuipoteza kwa siku moja. Tunda bichi likichanganywa na lililoiva, kikombe huwa na ukakasi wa majani. Likikaa gunia zima usiku kucha kabla ya kumenywa, huchacha vibaya. Maji ya kuoshea yakiwa machafu, kahawa hunukia kitunguu. Ikianikwa chini, hunukia udongo. Katika yote haya hakuna hata moja ambalo mlima ulikosea.

Ndugu Mwenyekiti, hapa naomba radhi niseme jambo la nyumbani kwangu.

Baada ya JKT nilisomea kilimo Uyole, na mwaka 1981 nikaanza kazi ya ubwana shamba. Baba yangu alikuwa na mibuni Rungwe, kwenye mteremko unaotazama ukungu asubuhi na jioni. Hakusoma, lakini alichuma tunda jekundu tu. Alikuwa na vichanja vya mianzi na turubai, na mvua ikitishia alikimbia kufunika kama mtu aliyeanika watoto. Nyakati hizo kahawa yake ilikusanywa pamoja na ya jirani, ikakobolewa pamoja na ya wilaya, ikauzwa mnadani Moshi. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na vikarudishwa kwa sheria ya 1982, lakini kwa mkulima jambo moja halikubadilika: kahawa ikishaondoka nyumbani haikuwa na jina lake tena.

Msimu wa 1994/95 biashara ilifunguliwa, na wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na fedha mkononi. Mmoja alifika kwetu. Alilipa bei moja kwa kahawa safi na kwa kahawa chafu, kwa mizani yake. Baba aliniita kando akaniuliza, "Mwanangu, huyu anayelipa sawa kwa kilichooshwa na kisichooshwa, ananunua nini?"

Mimi bwana shamba, mwenye cheti, nilimjibu, "Baba, kahawa ni kahawa. Chukua fedha."

Alinisikiliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Msimu uliofuata hakuchagua sana. Uliofuata hakufunika. Vichanja vilioza, akaanika kwenye ua. Mwaka 1998 nilipata kazi kwa wanunuzi wa kahawa, nikapelekwa Moshi kujifunza kuonja. Huko nilijifunza kwamba kahawa huonjwa kwa alama kati ya mia, na kwamba ikivuka 80 wapo watu duniani wanaoilipia kwa heshima. Nilijifunza kutofautisha Rungwe na Mbozi nikiwa nimefumba macho. Siku moja nikafikiri, je, ile ya baba ingekuwaje? Nilikwenda nyumbani, nikapekua ghala, nikapata nusu debe ya kahawa ya maganda ya zamani, ya wakati wa vichanja. Niliikoboa kwa mkono, nikaikaanga, nikaionja.

Ilikuwa na ladha ya mbao na gunia. Kahawa iliyokaa miaka huwa hivyo. Yo yote, hata bora. Kilichokuwamo kilikwisha kuondoka. Baba alifariki mwaka 2003, na mpaka leo sijui kahawa yake ilikuwa na ladha gani. Yeye mwenyewe hakujua pia, maana tulikunywa chai.

Basi mwaka jana, nilipopata barua ya Mwenyekiti kuhusu shamba la shule, nilikaa kitandani usiku nikihesabu. Tulipalilia kahawa ile miaka minne. Nikawapigia simu wenzangu saba wa mwaka wetu. Niliwauliza swali moja tu: wewe umewahi kuionja? Hakuna aliyewahi. Nikamwuliza mwalimu wetu wa kilimo, ambaye tunaye hapa mstari wa mbele. Alicheka, kisha akanyamaza. Naye hajawahi.

Nilikuja mwezi Julai. Mwalimu Mkuu alinipa wanafunzi kumi na wawili, na nawashukuru. Tulipita shamba lote tukahesabu. Ni ekari moja na robo. Mibuni iliyo hai ni kama 400, na 250 kati yake iko sehemu ya juu, palipoinuka na kukauka. Sehemu ya chini maji hutuama, na miti mingi imekufa au ina chulebuni. Tulichuma ndoo nne za tunda jekundu kutoka sehemu ya juu, tukazimenya siku ile ile kwa mashine ya mkono ya kuazima, tukazivundika. Kwa baridi ya hapa Julai utelezi ulichukua karibu siku mbili kutoka. Tukaziosha kwa maji safi, tukazianika kwenye wavu uliofungwa juu ya madawati mabovu. Baada ya wiki mbili zilikuwa tayari. Nilichukua pia kilo chache za kahawa ambayo shule huuza kila mwaka, iliyochumwa kwa kukwangua tawi zima na kuanikwa kwenye uwanja.

Kahawa hizo mbili, pamoja na moja ya Mbozi na moja ya Rungwe, nilimpa kijana ninayefanya naye kazi. Alizikaanga kwa kiasi kimoja, akazisaga, akazimiminia maji ya moto kwenye vikombe vyenye namba, mimi niko nje. Baada ya dakika nne niliingia, nikapasua povu kwa kijiko, nikanusa, zilipopoa kidogo nikavuta kwa kelele kama inavyotakiwa, nikatema, nikaandika.

Ndugu wanachama, nitasema kweli tupu. Ya kwanza ilikuwa ya Mbozi. Ilikuwa safi, yenye uchachu ulionyooka. Ya shule, ile ya tunda jekundu, ilikuwa ya pili, na ilivuka 80. Haikuwa na ukali wa Mbozi, ila ilikuwa na utamu uliobaki kooni, kama wa masuku yaliyolala, na harufu iliyonishinda kuitaja mpaka kikombe kilipopoa. Ya Rungwe ilikuwa karibu nayo sana, nzito zaidi kinywani. Ya mwisho, kwa mbali, ilikuwa kikombe kilichonukia vumbi na majani mabichi, na mimi niliandika pembeni: "Mkulima huyu aonywe." Kijana aliponifunulia namba, mkulima huyo alikuwa shule yetu. Mti ule ule, mlima ule ule, ubaridi ule ule. Tofauti ilikuwa wiki mbili za kazi.

Wengine watasema, hata ikiwa nzuri, nani atajua? Ni hoja ya kweli, na nitaijibu kwa mfano. Nchini Japani kahawa yetu inapendwa sana, na huuzwa kwa jina la Kilimanjaro. Kwa kanuni za biashara yao, Arabika ya Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba, inaruhusiwa kuitwa Kilimanjaro, hata ikiwa imetoka Mbozi au Rungwe. Kwa hiyo yupo mzee Tokyo ambaye kwa miaka mingi anasifu mlima ambao kahawa yake haijauona. Siwaonei wivu ndugu zetu Wachagga. Jina walilijenga kwa jasho. Lakini Wafaransa wa mwaka 1976 wametufundisha kwamba jina likifichwa, ulimi huamua. Sisi wa kusini hatujashindwa na ulimi wa mtu. Tumeshindwa kujionja wenyewe.

Sasa nije kwenye ajenda. Sina ugomvi na maparachichi. Rungwe na Njombe yamejenga nyumba na kusomesha watoto, na mdogo wangu amepanda kwenye nusu ya shamba la baba kwa baraka zangu. Wala sitawadanganya kwamba kahawa itaitajirisha shule. Tukitunza miti yote 400 vizuri na tukapata nusu kilo ya kahawa safi kwa mti, hizo ni kilo 200, yaani magunia matatu ya kilo 60 na kitu kidogo. Na kila kilo moja ya kahawa safi hudai kilo tano au sita za tunda kuchumwa kwa mkono. Hiyo haiwezi kununua hata bati za bweni moja.

Ninachopendekeza ni hiki. Sehemu ya chini, ambako mibuni imekwisha, ing'olewe, mifereji ichimbwe ili maji yaondoke, maana parachichi nalo halipendi maji yaliyotuama, kisha ipandwe miche iliyobebeshwa. Itaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Sehemu ya juu yenye miti 250 iachwe. Nusu yake ikatwe visiki mwaka huu, nusu mwakani. Kisiki cha kahawa huchipua na kuzaa tena baada ya kama miaka miwili, na mizizi yake ni ile ile ya zamani. Chama chetu kinunue mashine moja ya mkono ya kumenyea na wavu wa vichanja. Nimekwisha kumkabidhi Mweka Hazina mchango wangu kwa ajili hiyo, naye atawaeleza. Na kila msimu, kabla gunia la kwanza halijauzwa, wanafunzi waliochuma wakae mezani waionje. Hilo la mwisho ndilo ninalolishikilia. Mengine mnaweza kuyabadili kwa kura.

Nasema hivyo kwa sababu mtoto aliyeonja vikombe viwili, kimoja cha tunda jekundu na kimoja cha kukwangua, hahitaji bwana shamba wa kumhutubia. Wale kumi na wawili wa Julai niliwapa waonje. Mmoja wao, ambaye kwao ni wakulima Ileje, aliuliza kama anaweza kumpelekea babu yake kidogo kwenye chupa. Nilimpa yote iliyobaki.

Na kwenu wazee wenzangu mlioachiwa mashamba na wazazi: mkitaka kung'oa, ng'oeni, shamba ni lenu na maisha ni magumu. Lakini kabla ya shoka, chumeni ndoo moja ya tunda jekundu. Menyeni, osheni, anikeni juu ya chandarua. Nileteeni kilo moja, nami nitaionja bure na kuwaambia kweli, ikiwa nzuri au mbaya. Itakayong'olewa baada ya hapo itakuwa imeng'olewa na mtu anayejua anachong'oa. Mimi sikumpa baba yangu nafasi hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Pale nyuma karibu na mlango vijana wameweka chupa tatu za chai, zimeandikwa moja, mbili na tatu. Ndani yake hamna chai. Moja ni Mbozi, moja ni Rungwe, na moja imetoka mita mia mbili kutoka hapa mlipokaa. Vikombe vipo vya kutosha, na kila mtu atapewa kikaratasi aandike namba anayoipenda. Katibu amenisihi nimwambie ipi ni ya shule ili aanze nayo. Nimemkatalia. Mwalimu wetu wa kilimo ndiye atakayeonja wa kwanza, kwa kuwa ameingoja zaidi yetu sote.